Mbele ya kupatia stajieri chaki, mumupatie mutoto wa kuangalia

Kila mwaka banafunzi ba pedago, benye kujifunza ualimu, banatumwaka kwenye masomo za primere hapa Goma kufanya staji, na kitu cha kwanza tunabaulizaka ni fishi, ile karatasi ya kupanga somo. Fishi iko wapi, obyektifu iko wapi, ubao umeupanga namna gani. Fishi inasaidia, siikatae. Lakini stajieri anaweza kumaliza staji yote, apate pointi za muzuri, na hakuna mutu alimuuliza hata siku moja ule mutoto wa kule nyuma anawazaka namna gani.

Na kozi ya saikolojia banaisomaka kweli. Muulize stajieri yeyote juu ya Jean Piaget, ule mutu wa Uswisi mwenye alichunguza namna batoto banawazaka, atakutolea hatua zake zote: kuzaliwa mpaka miaka 2, 2 mpaka 7, 7 mpaka 11 ao 12, kisha ujana. Shida ni kwamba anaingia nayo kalasi kama vile sheria, na kalasi za kwetu haziko na umri moja. Tangu primere ilifanywa bure mwaka wa 2019 batoto bengi bameanza kwa kuchelewa, halafu vita, halafu kuhama, na volkano ya mwezi wa tano 2021 nayo ilitutawanya, benye kwenda Sake, benye kwenda Rutshuru, benye kuvuka Rwanda. Ndani ya mwaka wa ine unakuta mutoto wa miaka 9 na kijana wa 14 mwenye sauti imeanza kubadilika, bote babili banasoma ukurasa moja.

Kuna kitu unaweza kujaribu na hakiombe hata franka. Chukua vifuniko vya soda, panga mistari mbili za sita sita, zilingane. Mutoto wa miaka 5 atasema ziko sawa. Panua mustari moja mbele ya macho yake, muulize tena. Bengi batasema ule murefu njo uko na vingi. Hiyo ni ya Piaget, kila mutu wa pedago anaijua. Ile tunasahauka ni kile kilikuja nyuma: miaka ya 1970, kule Scotland, James McGarrigle na Margaret Donaldson walirudilia ile jaribio, lakini safari hii mustari ulivurugwa na dubu ya kuchezea, kama vile kwa bahati mbaya, na batoto ba miaka 4 mpaka 6 walijibu muzuri zaidi sana. Maelezo moja ni hii: mutu mukubwa akigusa kitu kwa makusudi halafu akurudilie swali ile ile, mutoto anafikiri anaombwa jibu ingine.

Sasa angalia kalasi yako. Mwalimu anauliza 5 na 3 ni ngapi, mutoto anasema 8, mwalimu anarudilia kwa sauti ya nguvu "5 na 3 ni ngapiii?" na mutoto anabadilisha, anasema 7. Hesabu alikuwa anaijua! Na kwa kaye ya pointi tunamuandikia sifuri.

Kwa bakubwa kidogo iko vile vile. Binti wa miaka 12, 13 mwenye alikuwa anakimbilia ubao, mara moja hataki kusimama tena, pengine amepata damu ya mwezi na hana namna ya kujisafisha pale kwa masomo, sisi tunaita kiburi. Kijana anasinzia saa moja na nusu ya asubuhi: wakati wa kubalehe usingizi wenyewe unachelewa kuja usiku, mwili njo unafanya vile, na huyu mbele ya masomo alishafika ziwani na bidon. Na ule mwenye anaruka mlango ukijipiga, asiyeshika kitu ulifundisha jana, baada ya mapigano ya mwezi wa kwanza 2025 ndani ya huu mji, tafazali tusimuite kichwa ngumu.

Njo maana ninaomba hivi: juma la kwanza la staji, hakuna chaki. Stajieri apewe mutoto moja na kaye, kila siku ukurasa moja. Alipotea wapi ndani ya somo? Kwa rekreasio anacheza na nani? Ananyamaza kwa Kifaransa lakini anaelezea mwenzake kila kitu kwa Kiswahili? (hii ya mwisho mutaiona sana.) Nasikia benye kusema kalasi iko na batoto 70, nani atafanya hiyo. Lakini sisemi 70, nasema moja, maana mwenye amejifunza kuangalia moja muzuri, macho yake itabaki vile hata akipewa 70.

Bakubwa ba staji, mupunguze pointi za fishi, muziweke kwa hiyo kaye, na muisome kweli. Jina la mutoto lisiandikwe, na kaye isitoke kwa masomo kwenda kusomwa kwa kartie.