Maadili si urefu wa sketi

Juzi tulikaa kwenye mahafali tangu asubuhi tukimsubiri mgeni rasmi. Kafika jua la utosi, radhi hakuomba, kashika kipaza sauti na kuanza: mmomonyoko wa maadili! Vijana, simu, nywele, suruali za kubana. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kumbe kupoteza nusu siku ya watu si suala la maadili.

Neno hili tunalionea. Ni ndugu wa uadilifu, mzizi wake ni Kiarabu, na huko kwao ni haki: kumpa kila mtu stahiki yake. Mwadilifu tunamjua. Ni hakimu asiyenunulika, ni muuza duka ambaye mizani yake haichezi. Sijawahi kusikia mtu akiitwa mwadilifu kwa ajili ya shati lake. Lakini tukishasema maadili, ghafla neno linageuka fundi cherehani, kazi yake kupima nguo. Tena nguo za wasichana.

Sheria hailijui neno hivyo. Tanzania ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, na kilichomo ni matamko ya mali na madeni, zawadi, mgongano wa maslahi. Kenya wana Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, jina linalojieleza. Na kabla ya yote hayo, Azimio la Arusha la 1967 lilitaja miiko ya uongozi waziwazi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala, CCM, kikailegeza miiko hiyo. Ukitaka kunionyesha mmomonyoko, nionyeshe huo.

Haya, mavazi nayo yana mahali pake. Msibani huendi na kaptula. Hiyo ni adabu, na adabu ni kitu kizuri. Ila adabu inaweza kukaa vizuri kabisa juu ya mwizi, kanzu imepigwa pasi na kofia juu.

Binti akikata mauno mtandaoni, maadili yameporomoka, taifa limekwisha. Ofisa akila hela za dawa, tunaambiwa "amekiuka taratibu", kisha anahamishiwa kituo kingine. Niliwahi kumuuliza mzee mmoja anayependa sana hotuba hizi, huyo naye tumwiteje? Akanijibu, "Hilo ni la wakaguzi, mwanangu." La wakaguzi!