Anayepiga picha slaidi si lazima awe mvivu

Mhadhiri akibadilisha slaidi katika kumbi za Yombo pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, simu huinuka kama vile bibi harusi ndiyo kwanza anaingia. Nyingine zimelazwa meza ya mbele, zinarekodi. Wenye kalamu ni wachache, na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ikikaribia utawakuta nao steshenari wakitoa kopi ya desa lilelile, yaani notsi za kupokezana. Wakubwa wanasema vijana wa sasa wavivu.

Wana hoja, tusiwanyime. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani, Pam Mueller na Daniel Oppenheimer, waliwalinganisha wanafunzi wanaochukua notsi kwa kalamu na wanaotumia kompyuta mpakato. Wa kompyuta waliandika maneno mengi zaidi, lakini kwenye maswali ya kufikiri wa kalamu wakawapita. (Waliourudia utafiti huo, 2019, hawakuona tofauti kubwa hivyo, jambo ambalo wapenzi wa kalamu hawalitaji.) Maelezo ya Mueller na Oppenheimer yanaingia akilini: mkono ni mzito, kwa hiyo mwandishi analazimika kuchagua.

Hapo kwenye kuchagua ndipo ninapokwama. Mhadhiri hutamka maneno 120 hivi kwa dakika, mara nyingi zaidi. Mkono huandika kama 20. Kwa saa moja yametamkwa maneno 7,200 na yaliyofika daftarini ni 1,200, hapo hujasimama kufikiri wala kuazima kalamu. Katika kila sita, matano yamekupita. Yepi yapite? Anayeweza kuamua ni yule ambaye mhadhiri akisema "lakini" kwa Kiingereza, papo hapo anajua yaliyotangulia yanapinduliwa. Huwezi kuchagua usichokielewa.

Sasa huyu mwenye simu katoka wapi? Shule ya msingi miaka saba, kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza karibu kila somo likageuka Kiingereza, na mwalimu akajaza ubao notsi, au akampa monita daftari azijaze yeye. Mtoto akanakili, na makosa yote. Daftari likijaa, alama ya vema. Amefika chuo, mtu anaongea saa nzima bila kugusa ubao, na hakuna aliyemwambia kwamba kazi imebadilika. Kozi ya stadi za mawasiliano ipo, na mada ya kusikiliza imo. Mimi nilifundishwa mada hiyo kwa slaidi, ukumbi umefurika hadi kwenye ngazi, chuo sikitaji.

Ndiyo maana simwoni mvivu yule anayesikiliza rekodi kwenye daladala, foleni ya Ubungo, akirudisha sentensi moja mara tatu. Anatafuta ule muda ambao ukumbini hakupewa. Picha za slaidi ni habari nyingine: nilikuwa nazo mamia, zimechanganyika na za harusi, na nyingi sikuzifungua tena.

Tena lipo jambo ambalo mhadhiri angeweza kulijaribu kesho. Mwaka 1987 Kathy Ruhl na wenzake, hukohuko Marekani, walijaribu mihadhara yenye vituo: mara tatu mwalimu ananyamaza dakika mbili, wanafunzi wawili wawili wanalinganisha notsi. Wakakumbuka zaidi kuliko waliosomeshwa mfululizo. Ni dakika sita tu. Projekta ikigoma kuwaka tunapoteza zaidi ya hizo.