Mwezi Umekosa Nini?

Mchicha haukuota, kesi ya mwezi. Tungule, yaani nyanya, zimenyauka, mwezi tena. Jamani, mwezi uko juu kule, kopo la maji liko mlangoni kwako!

Kanuni sote tunaijua: mwezi ukikua panda vya juu, mchicha, bamia, tungule, ukipungua panda vya chini, muhogo na viazi, mwezi giza kata boriti. Haya, tuanze kuhesabu lini? Baba anasema umeandama jana, mtoto anasema leo. Nyumba moja, miezi miwili. Na mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11, haukai na masika. Ndiyo maana wazee wa shamba walihesabu miongo ya siku 10 kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa jua.

Ati mwezi unavuta maji. Nani kakataa? Bamvua la Unguja, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hupanda na kushuka karibu mita 4. Lakini hiyo bahari, si beseni. Maji ya ndoo yanasubiri wewe.

Mbegu ya mchicha ni kama chembe ya mchanga, mtu anaifukia sentimita 3 utadhani anaficha mkufu wa dhahabu. Itatokaje? Changanya kijiko 1 cha mbegu na vijiko 5 vya mchanga mkavu, nyunyiza kwenye vifereji vya nusu sentimita, funika udongo kidogo sana, kisha kuti. Siku ya 4 chungulia. Zikitokeza, ondoa kuti jioni ile ile. Ukichelewa miche inarefuka, myeupe, inalala kama ina homa. Na asubuhi inama utazame: mstari wa sisimizi, kila mmoja na mbegu mdomoni, wanahama na bustani yako. Zungushia jivu. Likilowa halifai, mwaga jingine.

Bamia hazina maneno: loweka usiku mmoja, mbegu 2 kwa shimo, sentimita 2, basi.

Kitalu cha tungule ndicho cha kesi. Mche umeanguka, shina limesinyaa usawa wa udongo kama limekabwa kwa uzi. Hicho kinyausi, ni ukungu, na aliyeukaribisha ni wewe unayemwagilia magharibi mpaka kitalu kinalala majini, miche imebanana kama abiria wa daladala. Mwagilia asubuhi, ng'oa mingine, ibaki nafasi ya vidole viwili.

Kuna na mwenye kuchomeka kipande cha muhogo macho yakitazama chini, kisha anauliza mbona kinachelewa.

Mimi mwezi naupendea jambo moja: kukumbusha. Ukiandama sia tuta la mchicha, ukipevuka sia jingine. Unachuma baada ya wiki 3 au 4, mboga haikatiki. Ila zungusha wigo wa makuti kwanza. Na yule kuku mwenye uzi mwekundu mguuni ana mwenyewe, ajitokeze.