Ofisi ya Serikali Mtandao Iko Steshenari

Ukitaka kujua huduma za serikali za mtandaoni zimefika wapi mkoani Tanga, usianze kuhesabu minara. Pita steshenari za Ngamiani au Muheza mjini msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Pale ndipo vyeti vya kuzaliwa vinapohakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, TIN, yaani namba ya mlipakodi, inapoombwa na leseni ya biashara inaposhughulikiwa kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri.

Sina ugomvi na wenye steshenari. Bila wao mengi yangelala. Shida ni namna kazi inavyofanyika. Mteja hana barua pepe, kijana anamfungulia hapo hapo. Neno la siri analibuni yeye, na namba ya simu, kwa kuwa foleni ni ndefu, anaweka ya kwake. Ombi linakwenda. Likirudishwa kwa marekebisho, ujumbe unatua kwenye barua pepe ambayo mwenyewe hajui aifungueje, na namba za uthibitisho zinaingia kwenye simu ya mtu aliyekwishahama mji. Ni kuanza upya, na kulipa upya. Nakala za vyeti vyake nazo zimebaki kwenye kompyuta ya dukani, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022.

Huku pwani kuna mtego mwingine: majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Athumani, cha shule Othman, kitambulisho cha taifa cha NIDA Athuman. Mtaani ni mtu mmoja huyo huyo, ila mfumo unalinganisha herufi kwa herufi na kumkataa. Dawa ni hati ya kiapo kwa wakili, kisha marekebisho kwenye taasisi yenye kosa, na yafanyike kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa. Tarehe ya kuzaliwa ni mbaya zaidi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tarehe ikikosewa, kosa limeingia ndani ya namba yenyewe. Fomu isomwe kwa sauti kabla mtu hajatia saini.

Viambatisho navyo vinagomewa kila siku. Picha ya cheti iliyopigwa kwa simu hufika MB 3 au zaidi, mfumo unaikataa, mtu anadhani mtandao umesumbua. Skani kwa dpi 150 (kipimo cha ukali wa picha), rangi ya kijivu: ukurasa wa A4 kwa kawaida hushuka chini ya KB 500 na muhuri bado unasomeka.

Minara inahitajika, sikatai. Mikataba ya Mei 2023 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilikuwa ya minara 758 nchini. Lakini Usambara si uwanja wa mpira. Kijiji kilicho nyuma ya kigongo huko Bumbuli kinaweza kuwa kilomita chache tu kutoka mnarani kisipate kitu, ilhali kwenye ramani kimo ndani ya duara la mnara huo. Na penye 2G tu, mwenye kitochi ana *152*00#, menyu ya huduma za serikali isiyohitaji intaneti. Inafaa kuulizia taarifa, cheti haipakii.

Ninachotaka mkoa ufanye ni meza moja katika kila ofisi ya kata, kwenye halmashauri zote 11. Iwe na laputopu, maana kompyuta ya mezani inazimika umeme ukikatika na fomu iliyojazwa nusu inapotea. Iwe pia na skana moja na ruta ya kusambaza intaneti. Ruta hula kama wati 10. Betri ya risasi ya volti 12, Ah 20, hata ukiitumia nusu tu, inaisukuma saa kumi na zaidi. Msaidizi apewe sharti moja lisilo na mjadala: barua pepe na namba ya simu ni za mwombaji, na neno la siri analiandika mwenyewe, hata kama atachukua dakika kumi kutafuta herufi.

Halafu kila halmashauri itoe hesabu mbili kila mwezi: maombi yaliyoanzwa na yaliyokamilika. Tofauti yake itaonyesha watu wanakwamia wapi vizuri kuliko ripoti yoyote ya minara. Meza za kwanza ziende Kilindi na Mkinga; Ngamiani wana pa kwenda.