Silikanti wa Tanga amebadilika, mtazameni vizuri

Makala yenu inasema silikanti (samaki wa kina kirefu cha bahari) wanaonaswa Tanga "hawajabadilika tangu enzi za dinosaria", na msomaji mmoja amedakia kwamba basi mageuko, yaani viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi, ni uongo. Ngoja kwanza, ndugu yangu. Visukuku (mabaki yaliyogeuka mawe) vya kale zaidi vya jamii hii vina takriban miaka milioni 400, na hakuna hata kimoja kinachofanana sawasawa na samaki huyu wa leo. Wengine wa jamii hii waliishi kwenye maji yasiyo na chumvi kabisa!

Mpasue huyu aliyenasa kwenye jarife (wavu mkubwa). Utakuta kipafu kilichosinyaa, hakivuti hewa, na pembeni yake kiungo kilichojaa mafuta kinachomsaidia kuelea. Pafu la nini kwa samaki wa kina kirefu, kama si urithi wa mababu waliolitumia? Mapezi yake nayo ni manene, yana mifupa ndani. Akiogelea, la mbele kulia huenda pamoja na la nyuma kushoto, kama mbuzi anavyokimbia polepole.

Kweli, kabla ya silikanti mmoja kunaswa Afrika Kusini mwaka 1938, wataalamu walidhani jamii hii imetoweka. Hapo mwandishi yuko sahihi. Ila hilo "hawajabadilika" lifuteni.