Miksi ya Deep House: Hali Moja kwa Dakika 74

Lawama isiyokwisha juu ya mikusanyo ya deep house (tawi laini la muziki wa dansi wa house) iliyochanganywa na DJ ni kwamba nyimbo 14 zinasikika kama wimbo mmoja. Mashabiki hujibu kwamba ndivyo ilivyokusudiwa. Kila upande una haki yake, ila ugomvi mara nyingi huishia kwenye kasi, na kasi haina kosa. Tangu mtayarishaji Larry Heard na wenzake wa Chicago walipoweka kordi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) laini za sintesaiza juu ya mashine ya ngoma katikati ya miaka ya 1980, mtindo huu umezoea kukaa kati ya mapigo 118 na 125 kwa dakika. Msikilizaji wa kawaida hatambui kupanda kutoka 120 hadi 122.

Hali, yaani hisia ya muziki, hutoka kwenye kordi. Nyingi ni za maina, aina yenye sauti ya huzuni, zilizoongezwa noti ya saba na ya tisa, nazo hazitulii: si huzuni kamili, si furaha kamili. Kordi mbili za namna hiyo zikizunguka dakika sita, sikio halioni mahali pa kumalizia. Hapo watetezi wana hoja nzito, kwa kuwa miksi inayoruka kutoka hali hiyo kwenda kiitikio cha shangwe huivunja ndani ya sekunde chache, na kuirudisha huchukua nyimbo mbili au tatu.

Walalamikaji nao wana ushahidi. DJ akipanga nyimbo kwa funguo zinazopatana (ufunguo ni noti ambayo wimbo umejengwa juu yake), tuseme A maina kisha E maina, na kila makutano, pale nyimbo mbili zinaposikika pamoja, yakachukua vipimo 32 vya mapigo manne (sekunde 64 kwenye mapigo 120), kila mpito unakuwa na umbo lilelile. Matoazi yanaingia, besi ya kwanza inapunguzwa, ya pili inapanda. Kufikia mpito wa tano msikilizaji anajua kitakachofuata. Huu ni uvivu uliovaa joho la ulaini, na programu zinazoonyesha ufunguo wa kila wimbo zimeurahisisha mno.

Mimi naegemea upande wa watetezi, kwa sharti moja: kordi zikibaki katika hali moja, vitu vya chini yake vibadilike. Besi ya mviringo ifuatwe na besi kavu; ngoma ya mashine ipishane na kongas; sauti ya mwimbaji itokee kwenye wimbo mmoja kati ya mitatu, na waimbaji wawili wasikutane kamwe kwenye makutano. Urefu wa mipito nao utofautiane: mmoja vipimo 32, mwingine vinane, mwingine ukatwe papo hapo palipo na ukimya.

Makosa ya kiufundi huua hali haraka kuliko uchaguzi mbaya wa nyimbo. Besi mbili zikipiga pamoja chini ya hezi 100 huleta ukungu, hivyo moja izimwe kwenye ikwalaiza (kidhibiti cha sauti za juu na za chini) kabla nyingine haijafunguliwa. Ngoma mbili zenye nguvu sawa zikiangukia wakati mmoja zinaweza kuongeza desibeli 6. Usipoacha nafasi hiyo wakati wa kurekodi, limita, kifaa kinachozuia sauti isipite kiwango, itabana mpito na muziki utasikika umenywea pale ulipotakiwa kupanuka. Kuna pia mtego wa kasi: kuvuta wimbo wa mapigo 118 hadi 125 bila kufunga ufunguo (kubadilisha kasi bila noti kupanda) huupandisha karibu nusu toni kamili, kwa hiyo A maina iliyopangwa kupatana na jirani yake haipo tena. Ukifunga ufunguo unaokoa noti, lakini kwa mvuto mkubwa kiasi hicho ngoma hupoteza ukali wake. Ni afadhali kuupandisha mkusanyo polepole, nyongeza ya pigo moja au nusu kwa kila wimbo.

Wanaotaka nyimbo zisizochanganywa nao wasikilizwe, maana kipande kilichokatwa katikati ya mpito hakimfai DJ mwingine: kinaanza na mkia wa wimbo uliopita. Ikiwezekana, toleo litoke na vyote viwili, miksi kama faili moja ndefu na nyimbo kamili kando, zikiwa na mianzo na miisho yake ya ngoma tupu.