Matamshi anayo, lugha hana

Pita nje ya chuo chochote cha Kurani cha Unguja au Pemba baada ya alasiri utege sikio. Mtoto wa miaka sita anasoma Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani yenye sura fupi fupi. Herufi za Kiarabu anazitoa sawasawa: ain yake inatoka katikati ya koo, haa haichanganyiki na kha, na dhad anaitoa ubavuni mwa ulimi ulioegemea magego ya juu. Mtu aliyeanza kusoma ukubwani huhangaika miaka na hizo hizo herufi. Sasa muulize yule mtoto alichokisoma kina maana gani. Hajui. Mwambie aombe maji kwa Kiarabu. Hawezi.

Nawaomba wazazi wanaokimbilia skuli za maandalizi za Kiingereza kitupu waitazame hali hiyo kwa makini. Kuanza mapema kunampa mtoto sauti. Lugha inataka saa nyingi za kuzungumza na watu, na hizo hazina mbadala.

Sikio ndilo linalowahi kufunga mlango. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees wa Kanada walionesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8, waliolelewa kwa Kiingereza, wanazitofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawazisikii. Kufika miezi 10 hadi 12, wengi wao hawakuziweza tena. Ubongo huziimarishia njia sauti zinazorudiwa nyumbani, na zisizosikika huzitia kapu moja na jirani zake. Hata Kiswahili chetu kinayo mambo hayo. Weka kiganja mbele ya mdomo wa mzee wa Kiunguja, atamke paa la nyumba, kisha paa mnyama wa msituni. Ya mnyama utaihisi pumzi yake kiganjani. Mgeni aliyejifunza Kiswahili vitabuni husikia neno moja tu. Vivyo hivyo sisi kwa ship na sheep za Kiingereza: irabu zetu ni 5, zao ni zaidi ya mara mbili ya hizo, kwa hiyo zote mbili zinaangukia kwenye i yetu.

Sarufi ina muda mrefu zaidi. Uchunguzi wa Hartshorne, Tenenbaum na Pinker wa mwaka 2018, uliokusanya majibu ya watu wapatao 670,000, ulikadiria kwamba wepesi wa kushika sarufi unabaki juu mpaka kwenye miaka 17 hivi, ingawa anayetaka kufikia kiwango cha mzawa aanze kabla ya miaka 10 au 12. Mtoto wa darasa la tatu, basi, hajachelewa. Msamiati hauna mwisho, unaongezeka mpaka uzeeni.

Ubongo wa mtu mzima nao haujakauka. Wakalimani wanafunzi wa jeshi la Sweden walipigwa picha za ubongo kabla na baada ya miezi 3 ya kusoma lugha kwa nguvu, na hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, ilikuwa imekua. Na huko Uholanzi, utafiti uliotolewa mwaka 1978 uliwafuatilia wasemaji wa Kiingereza waliohamia kule. Miezi ya mwanzo, vijana wa miaka 12 hadi 15 na watu wazima waliwaacha nyuma watoto wadogo. Mkubwa huanza kwa kasi, mdogo hufika mbali akipewa miaka.

Kinachonisikitisha zaidi ni simu. Mtoto anawekewa katuni za Kiingereza saa mbili kwa siku, na mzazi anahesabu kuwa ni somo. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle waliwapa watoto wa miezi 9 vikao 12 vya Kichina. Waliochezeshwa na mtu aliye mbele yao walizishika sauti. Waliooneshwa maneno yale yale kwenye televisheni hawakupata kitu. Vijana wa Kiwengwa na Nungwi, vijiji vya watalii Unguja, wanaozungumza Kitaliano wamekipata wakubwa, kwa kupatana bei na watu, ana kwa ana.

Kosa jengine ni mzazi kuacha Kiswahili nyumbani na kumsemesha mtoto Kiingereza cha kuokoteza. Mtoto anakosa hadithi, maelezo na mabishano ya lugha anayoielewa, na badala yake anapata amri fupi fupi: njoo, kaa, kula. Msemeshe Kiswahili kamili. Kiingereza mtafutie mtu anayekijua vizuri, nusu saa, mara nne kwa wiki, mikono ikiwa na kazi, hata kuchambua mchele. Wewe mkubwa, kabla ya kusema, sikiliza: jozi kama ship na sheep, kwa sauti za watu watano au sita tofauti, ukisie, na uambiwe papo hapo umepata au umekosa. Sauti ya mwalimu mmoja humzoesha mtu kumsikia mwalimu yule tu.

Na chuoni, kila sura ikimalizika, ziongezwe dakika kumi za maana. Suratu Quraysh ina aya 4. Ndani yake, bayt ni nyumba. Khawf ndiyo hofu yetu. Juu' ni njaa, na ile ain ya mwisho mtoto tayari anaitoa vizuri kuliko babake.